Je, Gofu Nayo Husomwa Chuoni?

Karani wa parokia ana kazi nyingi ambazo hazikuandikwa katika barua yake ya ajira. Zilizoandikwa ni kutunza vitabu vya ubatizo na ndoa, kupokea zaka, na kujibu barua za Paroko. Lakini watu humjia na barua zao wenyewe pia: huyu ataka kusomewa, yule ataka kuandikiwa, wa tatu ataka kuulizia habari za mwanawe shuleni. Nami, kwa kuwa zamani nilisomea ualimu, wengi bado waniita Mwalimu, na mtu aitwaye Mwalimu ni vigumu kusema, "Sijui, nenda kwingine."

Basi siku moja baada ya mavuno alifika ofisini mzee mmoja wa kigango cha mlimani. Ni mtu wa ng'ombe na mahindi, mkimya, asiyependa deni. Alipokwisha kuitikia shikamoo yangu na kuketi, aliweka kofia magotini akasema, "Mwalimu, shika kalamu. Nataka kumwandikia mwanangu aliye Marekani barua ya mwisho."

Nikamwuliza, "Ya mwisho, mzee? Kuna nini?"

Akasema, "Nilimpeleka akasome biashara. Nimeuza ng'ombe saba na shamba la bondeni. Sasa dada yake aniambia kwamba kijana amebadili masomo. Eti asoma gofu! Asoma gofu na namna ya kuhudumia wageni hotelini. Je, kwangu hakuona mgeni akipewa maji na kiti? Na huko kupiga mpira kwa fimbo, nimeuza ng'ombe kwa ajili hiyo? Fimbo ninazo nyumbani. Mwandikie kwamba senti yangu haitavuka bahari tena. Arudi."

Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Kalamu nilikuwa nayo mkononi, na maneno ya mzee yalikuwa mazito. Lakini nilikumbuka kosa langu moja la zamani, nitakalokusimulia mbele kidogo, nikaogopa. Nikamwomba mzee anipe siku saba, kusudi kwanza tumwulize kijana anafundishwa nini hasa. Alikubali kwa shida. Jioni ile ile nilimpelekea kijana ujumbe kwa simu, naye akaniletea orodha ya masomo yake yote. Nilisoma orodha ile, na habari nyingine nilizozitafuta, usiku tatu. Leo nakuletea niliyoyaona, maana najua katika parokia zetu wapo wazazi wengine wenye swali kama la mzee huyu.

CHUO CHA JAMII NI CHUO GANI?

Kwanza, kijana huyu hasomi katika chuo kikuu. Yumo katika kile ambacho Wamarekani hukiita chuo cha jamii. Chuo cha kwanza cha umma cha namna hii kilianza mwaka 1901 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, kikiwa na wanafunzi 6 tu, nacho kingali kipo. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilishauri vyuo hivyo vienezwe nchini kote, ili mtoto wa mkulima na mtoto wa fundi nao wapate elimu ya juu karibu na nyumbani kwao. Siku hizi viko yapata 1,000.

Vyuo hivi havichagui sana. Mtu aliyemaliza shule ya sekondari kwa kawaida hupokewa. Darasani utamkuta kijana wa miaka 18 ameketi karibu na mama wa miaka 45 aliyetoka kazini na kuvua aproni mlangoni. Masomo huchukua miaka miwili kwa mwanafunzi wa kutwa, naye akimaliza hupewa digrii ndogo iliyo chini ya ile ya kwanza ya chuo kikuu. Baadhi hutoka hapo wakaingia kazini moja kwa moja. Wengine huhamia chuo kikuu wakaongeza miaka miwili mingine.

Pili, masomo ya hoteli na ya gofu si uzushi wa jana. Chuo Kikuu cha Cornell kilianza kufundisha uongozi wa hoteli mwaka 1922. Chuo Kikuu cha Ferris State, katika jimbo la Michigan, kilianza mwaka 1975 mpango wa kwanza wa kufundisha usimamizi wa gofu kwa mapatano na PGA, yaani chama cha Marekani cha walimu wa mchezo huo. Vyuo vya jamii navyo vilifuata kwa namna zake: vingine hufundisha utunzaji wa viwanja, vingine hoteli na jiko, vingine huunganisha yote kama chuo cha kijana wetu.

Na kwa nini waliona haja? Kwa sababu huko gofu ni kazi ya watu wengi. Marekani ina viwanja vya gofu yapata 16,000, na karibu robo tatu ya mahali pa kuchezea ni wazi kwa mtu yeyote alipaye kiingilio. Kila kiwanja chataka wa kukata majani, wa kupokea wageni, wa kupika, wa kutunza hesabu, na wa kuwaongoza hao wote. Wachezaji waliokwenda kustarehe ni upande mmoja. Upande wa pili ni watu waliokwenda kufanya kazi, na wengi wao wameamka saa kumi alfajiri.

ORODHA YA MASOMO

Sasa tazama orodha ya kijana. Niliihesabu: masomo 20. Somo la kucheza gofu lenyewe ni moja tu, pamoja na jingine la sheria za mchezo na namna ya kuendesha mashindano. Mengine ni haya: hesabu za biashara, uandishi wa barua na taarifa, kompyuta, sheria zihusuzo wenye hoteli na wageni wao, usafi na usalama wa chakula, gharama za jikoni, kuongoza wafanyakazi, ununuzi na uuzaji wa bidhaa dukani, udongo, majani, maji ya kumwagilia, wadudu na magonjwa ya mimea, na matengenezo ya mashine. Mwisho kuna miezi ya kufanya kazi mahali pa kweli, chini ya msimamizi anayempa alama.

Biashara ambayo mzee alimtuma kuisoma imo humo ndani. Tofauti ni kwamba imevikwa nguo za kazi.

Chukua mfano wa usafi wa chakula. Mwanafunzi hufundishwa kwamba vijidudu viletavyo ugonjwa hustawi upesi katika chakula chenye joto kati ya nyuzi 5 na nyuzi 57 za Selsiasi. Kwa hiyo chakula baridi sharti kikae chini ya kipimo kile, na chakula moto kikae juu yake, na kuku hafai kutolewa mezani mpaka nyama yake ya ndani ifike nyuzi 74. Haya si maneno ya kitabuni tu. Mpishi asiyeyajua aweza kuwalaza wageni 100 hospitali kwa sahani moja ya kuku. Nasi twajua, katika arusi ngapi za kwetu watu wamekula wali uliokaa tangu asubuhi, kesho yake kijiji kizima kikashika tumbo!

SAA YA KIWANJA NA SAA YA JIKO

Nilijiuliza: kwa nini gofu na hoteli zifundishwe pamoja? Jibu nililipata katika hesabu ndogo ambayo kijana aliniletea. Nakuwekea hapa, nawe ifuate kwa kalamu.

Kiwanja kamili cha gofu kina mashimo 18. Wachezaji huanza wanne wanne. Tuseme kundi moja huondoka kila baada ya dakika 10. Katika saa moja yataondoka makundi 6, yaani watu 24. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana ni saa 6. Basi watu 144 wameondoka. Kuzunguka mashimo yote kwahitaji saa nne na zaidi. Kundi la kwanza litarudi yapata saa tano na robo, lina njaa na kiu. Na baada ya hapo, kila dakika 10, wengine wanne wataingia mlangoni.

Sasa mpishi asipojua saa ya kiwanja, au atapika mapema chakula kiharibike, au atachelewa wageni waondoke wakinung'unika. Na kundi moja likisinzia huko shimo la tano, makundi yote ya nyuma yake yatasimama, na jiko nalo litachelewa. Mvua ikinyesha saa nne, watu 60 waweza kuingia ndani kwa mara moja. Kiwanja na jiko ni nyumba moja yenye saa moja ukutani.

Tena kuna jambo la pili. Chumba cha hoteli kilicholala bila mgeni usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho. Usiku ule umekwisha potea. Vivyo hivyo nafasi ya kuanza mchezo ya saa mbili na dakika kumi: ikipita bila mtu, imepita. Mwenye duka la nguo ataweza kuuza shati kesho. Mwenye hoteli hawezi kuuza jana. Ndiyo sababu wanafunzi hawa hufundishwa sana kukadiria: wangapi watakuja, siku gani bei ishushwe, siku gani ipandishwe. Mzee wetu auzaye maziwa alilielewa jambo hili upesi kuliko mimi. Maziwa ya leo hayangoji mnunuzi wa keshokutwa.

UKOKA NA HESHIMA YAKE

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifurahisha kupita yote. Katika orodha mlikuwamo somo la majani, na kijana aliandika jina la kitaalamu la majani ayasomayo: Cynodon dactylon. Nilipolitafuta, nikacheka peke yangu ofisini. Ni ukoka! Ukoka huu huu tuung'oao shambani kwa jembe na laana, na kesho umeota tena. Wamarekani huupanda na kuutunza katika viwanja vya majimbo yao yenye joto, kwa sababu ile ile ituudhiyo sisi: hukanyagwa haufi, hukatwa huota, na hutambaa ukafunika udongo wote.

Mtaalamu mmoja aitwaye Glenn Burton, katika kituo cha utafiti cha Tifton, jimbo la Georgia, aliuchanganya ukoka na ndugu yake wa Afrika Kusini, akapata mbegu bora za viwanja. Mbili kati yake zilitolewa mwaka 1956 na mwaka 1960, zikaenea katika nchi nyingi za joto. Majani mengine, yatokayo katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na kuitwa kwa jina la Wakikuyu, yalipelekwa California kuzuia udongo usimomonyoke, na leo yamefunika kiwanja mashuhuri cha Riviera huko Los Angeles. Matajiri wacheza juu ya majani ya malisho yetu.

Lakini kuyatunza si mchezo. Kiwanja cha mashimo 18 chaweza kuwa na ekari 150. Kuzunguka kila shimo kuna uga mdogo ambao majani yake hukatwa kila asubuhi yabaki na urefu wa yapata milimita 3, kama unene wa sarafu mbili zilizopandana. Shimo lenyewe lina upana wa sentimita 10.8 tu. Majani yaliyokatwa fupi namna ile ni kama mtoto mchanga: maji yakizidi huota ukungu, yakipungua hukauka kwa siku moja, dawa ikikosewa yote huwa kahawia. Na dawa nyingine ni kali, hata sheria ya Marekani yataka anayezitumia awe amehitimu na kupewa cheti, au afanye kazi chini ya mwenye cheti.

Katika jimbo la North Carolina kuna mji uitwao Pinehurst, ulioanzishwa mwaka 1895 kama mahali pa mapumziko katika nchi ya mchanga na misonobari. Kiwanja chake cha namba 2, kilichotengenezwa na Donald Ross, kilifunguliwa mwaka 1907. Mji huo huo una chuo cha jamii kiitwacho Sandhills, kilichoundwa mwaka 1963, ambako vijana husomea utunzaji wa viwanja. Mwaka 2010 na 2011 wenye kiwanja cha namba 2 waliamua kukirudisha katika hali yake ya zamani: waliondoa ekari nyingi za majani yaliyomwagiliwa, wakarudisha mchanga na mimea ya porini, na kung'oa mamia ya vinyunyizio vya maji. Wengine walisema kimeharibika. Lakini mwaka 2014 mashindano makubwa ya taifa, ya wanaume na ya wanawake, yalifanyika hapo juma baada ya juma. Somo ni kwamba mtunza kiwanja mwema hapimwi kwa maji mengi anayomwaga, bali kwa maji anayojua kuyaacha. Je, somo hili halituhusu sisi tunaogombania mfereji mmoja kila kiangazi?

MTU ALIYEJENGA KIWANJA KWA MIKONO YAKE

Huenda msomaji atasema, "Sawa, lakini mchezo huu ni wa matajiri wa kizungu. Mtoto wa mtu mweusi atafuata nini huko?" Swali hili si la bure. Chama kile cha PGA kilikuwa na kifungu katika katiba yake kilichowaruhusu wazungu peke yao kuwa wanachama. Kifungu kile kilifutwa mwaka 1961 tu.

Lakini sikia habari za William Powell. Alizaliwa mwaka 1916 katika jimbo la Alabama, akalelewa Ohio. Tangu utoto alipenda gofu. Alikwenda katika vita vikuu vya pili akiwa askari wa Marekani, na alipokuwa Uingereza aliruhusiwa kucheza bila maneno. Vita vilipokwisha akarudi nyumbani, na katika viwanja vya kwao akakataliwa kwa ajili ya rangi yake. Aliomba mkopo waliopewa askari waliorudi, akanyimwa. Basi madaktari wawili weusi wakaungana naye, na nduguye akaweka nyumba yake rehani. Mwaka 1946 akanunua shamba la ng'ombe wa maziwa la ekari 78 huko East Canton, Ohio. Usiku alifanya kazi ya ulinzi kiwandani. Mchana alipanda majani kwa mkono na kuondoa mawe, mkewe Marcella akiwa pamoja naye. Mwaka 1948 alifungua mashimo 9, na mlango akauacha wazi kwa watu wa kila rangi. Kiwanja akakiita Clearview. Mwaka 1978 kilifikia mashimo 18. Binti yake Renee akawa mchezaji wa kulipwa. Na mwaka 2001 mahali pale pakaandikwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Mzee Powell alifariki siku ya mwisho ya mwaka 2009, akiwa na miaka 93.

Tazama alichokuwa nacho mtu yule. Alijua kucheza, naam. Lakini kucheza peke yake hakungemfaa. Alijua majani, alijua hesabu, alijua kukaribisha wageni, hata wale ambao kwao yeye asingekaribishwa. Hayo ndiyo yaliyomo katika orodha ya kijana wetu. Tofauti ni kwamba Powell aliyapata kwa miaka mingi ya jasho bila mwalimu.

GHARAMA NA TAHADHARI

Sikutaka kumpaka mzee asali mdomoni. Mambo mengine ni machungu, nami nilimwambia waziwazi. Nakuambia wewe pia, kama unawaza kumpeleka mtoto.

La kwanza ni ada. Katika vyuo vya jamii vya North Carolina, mwaka wa masomo wa 2023 hadi 2024, mkazi wa jimbo alilipa dola 76 kwa kila kipimo kimoja cha somo, na asiye mkazi dola 268. Digrii ndogo yataka vipimo kama 60. Zidisha mwenyewe: mkazi dola 4,560, mgeni dola 16,080. Hapo bado chumba, chakula, bima na vitabu. Ni rahisi kuliko vyuo vikuu vingi vya huko, lakini kwa mwuza mahindi ni mlima.

La pili ni kazi. Mwanafunzi aliyeingia kwa kibali cha masomo haruhusiwi kufanya kazi apendavyo. Wakati wa muhula aweza kufanya kazi chuoni isiyozidi saa 20 kwa juma. Kazi ya nje yataka ruhusa maalumu. Anayekuambia, "Mpeleke tu, atajilipia kwa vibarua," anakudanganya, na anaweza kumharibia mtoto wako maisha.

La tatu ni kuhamia chuo kikuu. Digrii ndogo za kazi za mikono mara nyingi hazipokewi zote na vyuo vikuu. Mwanafunzi aweza kufika akaambiwa, "Masomo yako kumi twayakubali, haya mengine anza upya." Dawa yake ni kuuliza mapema, na kupata jibu kwa maandishi, kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza.

La nne ni madalali. Chuo sharti kiwe kimeidhinishwa na serikali ya Marekani kupokea wageni. Sheria za vibali nazo hubadilika mara kwa mara. Ulizia ubalozini na chuoni kwenyewe, usiulizie kijiweni.

Na la tano: si lazima kuvuka bahari. Kenya ina Chuo cha Utalii Nairobi tangu mwaka 1975, na Tanzania ina Chuo cha Taifa cha Utalii. Gofu nayo si ngeni kwetu: Nairobi ina klabu ya gofu tangu mwaka 1906, na mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967. Mtoto mwenye moyo wa kazi hii aweza kuanza karibu.

KOSA LANGU

Nilikuahidi habari za kosa langu. Miaka ile nilipokuwa nikifundisha, msichana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu alinijia. Alitaka nimwandikie barua ya sifa aombe nafasi katika chuo cha hoteli. Mimi, kijana mwenye cheti kipya na shati lililopigwa pasi, nilimwambia, "Wewe una akili. Kwa nini uwe mtumishi wa watu? Subiri nafasi ya ualimu." Sikuandika barua. Alisubiri miaka miwili, na nafasi haikuja. Ada iliyokuwapo ikaenda kwa mdogo wake.

Leo huuza chai na chapati kando ya stendi. Meza yake ni safi kuliko zote, na kila mteja humwita kwa jina. Nikipita huniambia, "Shikamoo, Mwalimu," bila kinyongo. Nami kila mara naona haya. Nilidhani namlinda na aibu. Kumbe aibu ilikuwa yangu mwenyewe. Mbona twajisifu kwamba sisi ni watu wa kukaribisha wageni, kisha mtoto akitaka kuifanya sifa hiyo iwe kazi yake ya kumlisha, twamwambia amejishusha?

BARUA ILIYOANDIKWA

Siku ya saba mzee alirudi. Nilimsomea orodha yote, na hesabu ya makundi, na habari za Powell, na yale machungu matano sikuyaficha. Alisikiliza akitazama sakafu. Nilipofika kwenye ukoka aliinua kichwa. "Ukoka?" akauliza. "Ukoka huu?" Nikamwambia ndio. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mimi nimepigana nao miaka 40. Mwanangu anafundishwa kuupalilia."

Halafu akasema, "Shika kalamu."

Barua aliyoniagiza haikuwa ya mwisho. Ilisema hivi: kijana amalize miaka yake miwili. Ng'ombe wawili watauzwa kwa ajili hiyo, na baada yao hapana mwingine, kwa sababu mama yake na wadogo zake nao wanakula. Alete alama zake kila muhula, zipite kwa karani. Aulize vyuo vikuu kwa maandishi, sasa, si mwakani. Na siku nyingine akibadili njia, amwambie baba yake kwanza, asiache baba asikie kwa dada. Kwani lililomwumiza mzee kupita gofu ni kule kufichwa.

Nilidhani tumemaliza. Lakini mzee alikuwa mlangoni aliposimama akageuka. "Ongeza neno moja chini. Mwulize, wakikata ukoka ule kila asubuhi, majani yaliyokatwa wanayapeleka wapi? Hawana ng'ombe?"

Ndugu msomaji, sijui mambo ya kijana huyu yatakwishaje. Miaka miwili haijatimia. Lakini jambo moja nimejifunza, nalo ndilo ninalokuachia. Mtoto akikutajia somo ambalo jina lake hulijui, usishike kalamu ya hasira. Mwambie akuletee orodha. Isomeni pamoja, mstari kwa mstari, na bei yake kando. Baada ya hapo sema ndiyo au sema hapana, nawe utakuwa umesema kama mzazi.

Jibu la kijana lilifika Jumatano. Majani yale, asema, mengi hutawanywa porini yaoze, na hayafai kwa mifugo kwa sababu ya dawa. Nilimsomea mzee. Alitikisa kichwa akasikitika sana kwa ajili ya ng'ombe wa Marekani.